Jina Kwenye Chupa: Mwongozo kwa Familia Inayopimwa kwa Ajili ya Kupandikiza Figo

Tuseme mgonjwa anaitwa Salma Juma Hamisi, na dada yake aliyekubali kumpa figo anaitwa Salha Juma Hamisi. Wamefika hospitali pamoja asubuhi, wameketi benchi moja, na wanatolewa damu na sista yuleyule kwenye kiti kilekile, wakipishana dakika chache tu. Kwenye trei zimelala chupa za wote wawili, vifuniko vya rangi zilezile. Chupa zikibadilishana hapo, mashine haitagundua. Mashine hupima damu iliyomo. Haijui ni ya nani.

Ulaya na Marekani figo nyingi hutoka kwa mtu aliyefariki, ambaye mgonjwa hamjui hata kwa jina. Kwetu Tanzania sivyo. Tangu Hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, tegemeo limekuwa ndugu walio hai. Ni jambo jema, maana tishu za ndugu zina nafasi kubwa zaidi ya kulingana. Lakini lina hatari yake: watu wawili ambao sampuli zao hazitakiwi kuchanganywa kamwe ndio haohao wenye majina yanayokaribiana, anwani moja, na mara nyingine namba moja ya simu kwenye faili.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa, mchangiaji na yule anayewasindikiza. Kuelekea mwisho nimeweka maneno machache kwa wahudumu.

KWANZA, UJUE WANAPIMA NINI

Ukijua kinachopimwa utajua pia pa kuwa macho. Vipimo vikubwa ni vitatu.

Kundi la damu. Ni A, B, AB au O, na figo hufuata kanuni ileile ya kuongezewa damu: mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote. Ile alama ya kujumlisha au kutoa inayofuata herufi haina uzito kwenye figo, kwa hiyo isikukoseshe usingizi.

Aina ya tishu, ambayo hospitalini utasikia ikiitwa HLA. Hizi ni protini zilizo juu ya chembe za mwili, na kinga huzitumia kutambua kipi ni chake na kipi ni kigeni. Maelekezo ya kuzitengeneza yako kwenye kromosomu ya 6. Umerithi fungu moja kwa baba na jingine kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mtoto wake wa damu hulingana angalau nusu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana uwezekano wa asilimia 25 kulingana kikamilifu, asilimia 50 kulingana nusu, na asilimia 25 kutolingana kabisa. Shika hesabu hii; tutaihitaji karatasi ya majibu ikitoka.

Kingamwili na krosimachi. Mtu aliyewahi kubeba mimba, kuongezewa damu au kupandikizwa kiungo anaweza kuwa na kingamwili zinazoshambulia HLA za watu wengine. Krosimachi hukutanisha majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe nyeupe hai za mchangiaji, ili vita ionekane maabara kabla haijatokea tumboni. Mwaka 1969 watafiti Ramon Patel na Paul Terasaki walichapisha hesabu iliyobadilisha kazi hii duniani kote: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa ilhali krosimachi ilikuwa chanya, 24 walipoteza figo papo hapo. Kati ya 195 waliokuwa hasi, ni 8 tu.

Angalia hapo: kwenye kipimo hiki chanya ni habari mbaya na hasi ndiyo mnayoiombea. Ukiambiwa majibu kwa simu au koridoni, usishangilie wala kulia mpaka daktari amekueleza maana yake.

MAKOSA HUINGILIA WAPI

Wengi wakisikia kosa la maabara hufikiria mashine mbovu. Tazama mikasa mitatu iliyojulikana dunia nzima.

Februari 2003, hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani ilimpandikiza msichana wa miaka 17, Jesica Santillan, moyo na mapafu. Yeye alikuwa kundi O, viungo vilikuwa vya kundi A. Makundi yote mawili yalikuwa yamepimwa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaweka pamoja na kuyalinganisha. Alipandikizwa mara ya pili, lakini alifariki tarehe 22 mwezi huohuo.

Februari 2007, kule Florence, Italia, mashine ilionyesha kwamba mchangiaji aliyefariki alikuwa na virusi vya Ukimwi. Aliyenakili majibu aliandika hasi. Wagonjwa watatu wakapewa viungo vyake.

Agosti 2011, huko Taiwan, majibu ya namna hiyohiyo yalisomwa kwa simu. Upande mmoja ulisema kimeonekana, upande wa pili ukasikia hakijaonekana. Wagonjwa watano.

Hakuna hata mmoja kati ya mikasa hiyo uliohusu HLA, lakini njia ni ileile inayopitiwa na sampuli yako, na kote kutatu kipimo chenyewe kilikuwa sahihi. Kosa liliingilia kwenye kunakili, kusikia na kulinganisha. Hizo ni sehemu ambazo hata mtu asiyesomea maabara anaweza kusimama na kuangalia. Ndiyo maana naamini familia ina kazi hapa, tena kubwa kuliko inavyoambiwa.

WIKI MOJA KABLA YA KUTOA DAMU

1. Sawazisha majina. Weka mezani kitambulisho cha taifa, kadi ya bima na kadi ya hospitali. Mohamed, Muhamed na Muhammed ni watu watatu mbele ya kompyuta. Mwanamke aliyesajiliwa kwa jina la baba hospitali moja na kwa jina la mume hospitali nyingine ni wawili. Chagueni jina moja kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha ombeni masijala warekebishe faili kabla ya siku yenyewe. Msitegemee tarehe ya kuzaliwa iwatenganishe: watu wengi ambao siku yao haikuandikwa popote wamesajiliwa 1 Januari, na ndugu wawili wanaweza kutofautiana mwaka tu.

2. Andika historia ya damu. Kila mara mgonjwa alipoongezewa damu, mwezi na mwaka, hata kwa kukisia. Wagonjwa wa kusafisha damu huongezewa mara nyingi, kisha husahau. Mwanamke ataje mimba zote, zikiwemo zilizoharibika. Hili la mimba si la kusemea mbele ya mawifi na mashemeji. Dada, una haki ya kuomba uzungumze na daktari peke yako, na usipolisema maabara haitajua iwe makini na nini.

3. Orodhesha dawa, hasa zinazogusa kinga. Rituksimabu, kwa mfano, inaweza kuifanya krosimachi ionekane chanya wakati si chanya ya kweli. Maabara ikijulishwa mapema itapanga kipimo kwa namna nyingine.

4. Achana na kadi ya zamani ya kundi la damu, iwe ya kliniki ya wajawazito, ya shule au ya siku ile ulipochangia damu. Ipeleke kama kumbukumbu. Kundi lipimwe upya.

5. Uliza sampuli zinakwenda wapi. Baadhi ya hospitali hupima hapohapo, nyingine husafirisha mji mwingine au nje ya nchi. Kama zinasafiri, kataa kwa upole kutolewa damu Ijumaa mchana. Chembe nyeupe za krosimachi lazima zifike zikiwa hai, na chupa iliyolala ofisini kwa msafirishaji mpaka Jumatatu haina tena cha kupima.

SIKU YENYEWE

1. Msiingie pamoja. Mgonjwa atolewe damu, chupa zake ziandikwe na ziondoke kwenye meza, ndipo mchangiaji aitwe. Mkiweza kuja siku mbili tofauti, bora zaidi.

2. Taja jina lako kwa kinywa chako. Ukiulizwa "Wewe ndiye Salma?", mtu aliyechoka na mwenye wasiwasi hujibu ndiyo hata akiitwa Salha. Swali sahihi ni "Unaitwa nani? Umezaliwa lini?" Usipoulizwa hivyo, jitaje mwenyewe kamili, majina matatu na tarehe, na uombe vilinganishwe na fomu.

3. Chupa iandikwe baada ya damu kuingia, mbele yako, kabla hujanyanyuka. Chupa zilizobandikwa lebo mapema na kupangwa kwenye trei ni mtego wa zamani kuliko yote. Hapa usione haya.

4. Soma lebo. Majina, namba ya faili, tarehe na saa, na alama inayosema huyu ni mgonjwa au mchangiaji. Kama miwani umeiacha nyumbani, anayekusindikiza akusomee kwa sauti.

5. Angalia damu inatoka wapi. Mgonjwa wa kusafisha damu mara nyingi huchomolewa kwenye mpira wa mashine ili asichomwe tena. Ni huruma, lakini mpira huo huwa na heparini, na heparini huvuruga kipimo cha vinasaba kinachosoma HLA. Mkono wenye dripu nao hutoa damu iliyochanganyika na maji. Omba mkono mwingine, au uliza kama damu ya mwanzo imemwagwa vya kutosha.

6. Kifuniko cha njano kiulizie. Chupa ya zambarau ndiyo ya kawaida kwa vinasaba, na nyekundu kwa kingamwili. Njano inasumbua, kwa sababu ziko aina mbili: moja ina dawa ya kuzuia damu isigande na kulisha chembe ziendelee kuishi, hiyo ndiyo ya krosimachi, nyingine ina jeli chini, nayo hugandisha damu. Ukitazama kitako cha chupa utaiona jeli. Damu ya krosimachi ikiingia humo, mtarudi kuanza upya. Rangi hubadilika kwa mtengenezaji, basi swali lako liwe moja tu: "Hii haigandishi?"

7. Rudini mara ya pili. Kundi la damu na aina ya tishu vithibitishwe kwa sampuli iliyotolewa wakati mwingine. Marekani hairuhusu kupandikiza mpaka kundi la damu limepimwa mara mbili kwa sampuli mbili tofauti. Damu ya mkupuo mmoja ikigawanywa kwenye chupa mbili hiyo bado ni sampuli moja, na kosa la jina litajirudia kwenye zote mbili bila mtu kulishuku.

MANENO YA KUMWAMBIA SISTA
Watu hushindwa kusema kwa kuogopa kuonekana wajuaji. Jaribu haya:
"Samahani sista, naomba nijitaje jina mwenyewe."
"Naomba uniandikie chupa hapahapa nikiona. Mwenzangu ana jina linalofanana na langu."
"Sista, niliongezewa damu mwezi uliopita. Liandikwe kwenye fomu?"
Sista mzuri atashukuru. Asiyeshukuru ataandika hivyohivyo.

SAMPULI IKIWA NJIANI

Hapa huna mengi ya kufanya, labda kama mmepewa wenyewe mzipeleke, jambo linalotokea. Chupa za chembe hai zisiwekwe kwenye barafu wala friji, na zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ziwe kwenye kivuli cha nyuzi 18 hadi 25 hivi, zimesimama wima, na zifike siku hiyohiyo au kesho yake. Msizitikise. Pokeeni karatasi yenye jina la aliyezipokea na saa.

KARATASI YA MAJIBU IKITOKA

Omba nakala. Kisha kaa nayo mahali patulivu, uikague hivi.

Anza na majina na namba ya faili, halafu tarehe ya sampuli: ni ile siku uliyotoa damu? Kisha kundi la damu: limetajwa mara mbili, kwa tarehe mbili, na yanafanana? Mtu aliyeongezewa damu nyingi ya kundi O karibuni anaweza kuonyesha majibu ya mchanganyiko, na hapo kupima tena ni lazima.

Kwenye HLA utaona herufi A, B na DR, kila moja na namba mbili. Ziangalie namba zinazogeuzana: B51 na B15 ni vitu viwili tofauti kabisa, na kidole kilichochoka huzipindua. Kama majibu mawili ya mtu mmoja, ya miaka tofauti, hayafanani, uliza kabla ya kuingiwa na hofu. Huenda jipya limeingia ndani zaidi tu. B5 ya zamani, kwa mfano, siku hizi husomwa B51 au B52.

Ukikuta namba moja tu mahali pa mbili, kuna mawili: ama umerithi ileile kwa baba na kwa mama, ama kipimo kimeikosa moja. Uliza ni lipi. Swali hili lina uzito zaidi kwetu, kwa kuwa HLA za Waafrika ni za aina nyingi mno na vitendanishi vya awali vilitokana zaidi na damu za Wazungu. Kuna B53, ambayo ni ya kawaida Afrika Magharibi na adimu Ulaya; utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 1991 uliihusisha na kinga dhidi ya malaria kali. Maabara inayopima watu wetu inapaswa kuwa na uwezo wa kuziona aina kama hizo.

Sasa ile hesabu ya urithi. Linganisha karatasi ya mzazi na ya mtoto. Pasipo hata fungu moja linalofanana, kuna tatizo, na hapa naomba mnisikilize vizuri: msianze na ugomvi wa ndoa. Anza na chupa. Mwone daktari faraghani, mwambie majibu hayaendani na udugu uliotajwa, omba sampuli mpya za watu wote wawili zichukuliwe kwa siku mbili tofauti. Zikirudi vilevile, mazungumzo yanayofuata ni ya daktari na mhusika peke yake, na hayana lazima ya kuvunja mpango wa figo, maana kisichofanana kwa ukoo bado kinaweza kufaa kwa matibabu. Kaka na dada wakionekana hawalingani kabisa, hilo peke yake si kosa: limo kwenye ile robo ya mwisho niliyoitaja.

Uliza jambo moja la mwisho: maabara hii imethibitishwa kwa kiwango cha ISO 15189, na je, kipimo cha HLA chenyewe kimo kwenye cheti? Maabara inaweza kuwa na cheti kwa sukari na malaria tu.

SIKU ZA MWISHO KABLA YA UPASUAJI

Krosimachi ya miezi mitatu iliyopita haitoshi. Inatakiwa nyingine kwa damu mpya, siku chache kabla ya upasuaji. Katikati hapo, mgonjwa akiongezewa damu hata chupa moja, daktari wa upandikizaji aambiwe siku hiyohiyo: kingamwili mpya huchukua kama wiki mbili kujitokeza, na kipimo kilichofanywa mapema hakitaziona. Wengi huongezewa damu kwenye hospitali ya wilaya, wakanyamaza kwa kuogopa tarehe isisogezwe. Ni heri isogezwe.

KWA WAHUDUMU WENZETU

Mengi mnayajua. Nisisitize yale yanayoachwa siku zenye foleni. Majibu ya HLA yasomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila wa pili kuona alichoandika wa kwanza. Namba zihamishwe kwa kompyuta, zisinakiliwe kwa mkono. Majibu yakitolewa kwa simu, mpokeaji ayarudie yote kwa sauti, kisha yafuatwe na maandishi. Andikeni hasi au chanya kwa maneno. Alama ya kutoa hupotea kwenye fotokopi. Krosimachi ikiwa chanya bila sababu, kutanisheni majimaji ya mgonjwa na chembe zake mwenyewe kabla ya kutoa hukumu. Ikiwa hasi kwa mwanamke mwenye watoto sita na historia ndefu ya damu, nayo itilieni shaka: kingamwili zikizidi sana zinaweza kukizuia kipimo kuziona, na kuzimua majimaji hufichua hilo.

ORODHA YA KUWEKA ALAMA

[ ] Majina ya mgonjwa na mchangiaji yanafanana na vitambulisho vyao
[ ] Mimba, damu na dawa zimeandikwa kwenye fomu
[ ] Tumeingia kutolewa damu mmoja mmoja
[ ] Chupa zimeandikwa mbele ya mwenye damu
[ ] Damu haikutoka kwenye mpira wenye heparini wala mkono wenye dripu
[ ] Sampuli ya pili imetolewa siku nyingine
[ ] Nakala ya majibu tunayo, na tumeikagua
[ ] Makundi mawili ya damu yamewekwa bega kwa bega na daktari ametia saini
[ ] Krosimachi ya mwisho ni ya damu mpya
[ ] Hakuna damu iliyoongezwa tangu krosimachi hiyo

Nakili orodha hii, na mpe anayewasindikiza aishike yeye. Mgonjwa aliyetoka kusafisha damu ana kizunguzungu, na mchangiaji ana woga wake. Kati yenu watatu, yeye ndiye mwenye akili tulivu siku hiyo.